Nani aseme, "Haya tusile"?



Leo tunaanza na swali ambalo huenda hamjapata kuulizana. Kama daktari angekuambia kwamba ini la mwenzako limeharibika, na kwamba atapona tu akipewa sehemu ya ini la mtu mwingine, je, ungekubali ukatwe lako umpe?

Wengi wenu mtajibu upesi, "Ndiyo, ningempa." Jibu hilo ni jema, na siku hizi jambo lenyewe linawezekana. Daktari Thomas Starzl alijaribu kumwekea mgonjwa ini la mtu mwingine huko Denver, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa huyo hakupona. Ilipofika mwaka 1967 ndipo wagonjwa wa kwanza walipoanza kuishi mwaka mzima na zaidi baada ya upasuaji huo. Baadaye madaktari walijifunza hata kukata sehemu ya ini la mtu aliye hai na kumpa mgonjwa, maana ini lina ajabu yake: likikatwa, hukua tena. Papa Yohane Paulo II, alipozungumza na madaktari wa kazi hiyo huko Roma mwezi wa Agosti 2000, alisifu utoaji wa viungo kuwa ni tendo la upendo, mradi mtoaji awe amekubali kwa hiari yake na pasiwe na biashara ndani yake.

Lakini tuseme ukweli. Njia hiyo ni ndefu na gharama yake ni kubwa mno. Wakenya walioifuata, wengi wamekwenda mpaka India. Kwa mkulima wa Kitui au Makueni ni harambee juu ya harambee, na ini linaloharibika ghafla halingoji harambee.

Kwa hiyo swali letu la leo ni dogo kuliko lile la kwanza, ingawa nadhani ni gumu zaidi. Wewe uliye tayari kumpa mwenzako sehemu ya ini lako, je, uko tayari kumwaga gunia la mahindi ili kulilinda ini alilo nalo sasa? Na yeye akikuambia, "Haya tusile," je, utamsikiliza?

Yaliyotokea Makueni na Kitui

Mwaka 2004 watu wa Ukambani walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano, matumbo na miguu imevimba, wengine wakitapika na kushindwa kula. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Hao ni karibu wanne katika kila wagonjwa kumi. Wengi walitoka Makueni na Kitui.

Haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Maini yao yaliharibiwa na sumu iitwayo aflatoksini, iliyokuwa ndani ya mahindi. Na mahindi yenyewe, kwa sehemu kubwa, yalikuwa ya shamba lao wenyewe.

Sumu hii hutengenezwa na ukungu unaoitwa Aspergillus flavus. Ukungu huo hupenda joto na unyevu, na huyashambulia kwa urahisi mahindi yaliyodhoofishwa na ukame. Mara nyingi mtu huuona kwa rangi yake ya kijani iliyochanganyika na manjano. Sumu yenyewe haionekani. Punje inaweza kuonekana safi na kumbe inayo. Kuchemsha hakuimalizi, hata ukipika asubuhi mpaka jioni. Kipimo cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa mikrogramu 20 katika kilo moja ya mahindi. Siku hizi ni 10. Maana yake, kwa kile kipimo cha zamani, ni miligramu 20 tu katika tani nzima, yaani katika magunia kumi na moja ya kilo 90. Ukichota chumvi kwa ncha za vidole viwili, tayari umeshika nyingi kupita hiyo.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua namna hiyo hiyo na 12 wakafa. Kabla ya watu kuugua walikuwa wamekufa njiwa wengi, kisha mbwa. Wanyama walitangulia kutoa habari, lakini nani angejua kuisoma?

Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba

Katika mwaka huo wa 2004 watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na wenzao wa shirika la serikali ya Marekani linalopambana na magonjwa, walifanya uchunguzi mmoja ambao kila mume na mke wanapaswa kuusikia. Walichukua wagonjwa 40. Kisha wakachagua watu 80 ambao hawakuugua, wa vijiji vile vile. Wakawapima damu, wakapima mahindi yao, wakawauliza walivyovuna na walivyohifadhi.

Waligundua mambo matatu.

La kwanza, mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa mikrogramu 355 hivi katika kilo. Ya majirani wazima yalikuwa na 44.

La pili, waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani walikuwa katika hatari zaidi ya mara tatu. Mahindi ya mwaka ule yalivunwa mnamo Februari, na mvua zilikuwa zimewahi. Katika mwaka wa njaa, nani angeacha gunia nje usiku? Waliyaingiza ndani kwa sababu waliyathamini, na huko ndani yakapata joto na unyevu ambao ukungu hupenda.

La tatu, wagonjwa wengi kuliko majirani walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B katika damu yao. Ini ambalo tayari lina adui mmoja halina nguvu ya kupambana na wa pili.

Sasa rudini kwenye ile namba ya 44. Hao ndio wazima. Hawakutapika, macho yao hayakuwa ya manjano, hakuna aliyewabeba kuwapeleka hospitalini. Hata hivyo chakula chao kilipita kipimo cha sheria zaidi ya mara mbili. Na sumu hii isipoua kwa siku chache inaweza kuua kwa miaka mingi, kwa njia ya saratani ya ini. Huko Shanghai, China, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000, na mwaka 1994 wakatoa matokeo. Aliyekula aflatoksini peke yake hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa mara tatu hivi. Aliyekuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake, mara saba. Aliyekuwa na vyote viwili, karibu mara sitini.

Kwa hiyo maneno yale tunayoyasikia kila mara, "Tumekula haya tangu enzi za babu na hatujafa," hayathibitishi kitu. Ini halipigi kelele mapema.

Shaka ya mmoja ni ya wote wawili

Hapa ndipo swali la dhamiri linapoingia nyumbani. Mke anafungua gunia, anaona rangi asiyoipenda, ananusa. Anasema, "Baba watoto, mahindi haya siyapendi." Mume anajibu, "Mama watoto, unataka tule mawe?" Pengine siku nyingine ni kinyume. Mume ndiye aliyeona mahindi yakinyeshewa shambani, na mke ndiye anayesema, "Nimekwisha kuyaloweka, siyatupi." Mmoja ana shaka, mwingine ana njaa ya watoto mbele ya macho yake. Nani ana haki?

Walimu wa maadili wa zamani walipenda kutoa mfano wa mwindaji. Ameona kichaka kikitikisika. Huenda ni paa, huenda ni mtu anayekata kuni. Je, anaruhusiwa kufyatua mshale kwa kuwa hana uhakika kwamba ni mtu? La. Mpaka ajue kwamba si mtu, lazima aushushe upinde, hata akirudi nyumbani mikono mitupu. Uhai wa mtu ukiwa upande mmoja wa shaka, anayetaka kufyatua ndiye anayepaswa kuleta uhakika. Yule anayesema "ngoja" hadaiwi kitu.

Ndivyo ilivyo kwa chungu cha nyumbani. Anayesema "tusile" hahitaji kuwa na maabara. Anayesema "tule" ndiye atakayeonyesha kwa nini ni salama. Kwa kawaida tunafanya kinyume. Tunamwambia mwenye shaka athibitishe, na akishindwa tunamcheka kwamba ni mwoga, au kwamba ameharibiwa na shule.

Mtauliza, je, mtu mwenye hofu nyingi hataifunga nyumba nzima isile kamwe? Hilo nalo ni kweli, kwa hiyo shaka yenyewe lazima iwe na sababu inayoweza kutajwa. Mahindi yalinyeshewa. Yaliwekwa yakiwa mabichi. Yana rangi ya ukungu au harufu ya uvundo. Yamejaa punje zilizotobolewa na wadudu. Kuku au mbwa waliyoyala wamekufa. Ikitajwa sababu moja tu kati ya hizo, shaka hiyo si ya mmoja tena. Imekuwa ya wote wawili, na anayeendelea kupika hawezi kusema baadaye kwamba hakujua.

Kanisa linafundisha kwamba kutokujua kunaweza kumwondolea mtu lawama, ikiwa hakuwa na njia ya kujua. Lakini linafundisha pia kwamba mtu ana lawama kwa ujinga alioutafuta mwenyewe, kama vile kwa kukataa kuuliza. Katika ndoa kuna njia moja rahisi sana ya kutafuta ujinga: kumnyamazisha mwenzako.

Lakini njaa je?

Najua wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya watu walioshiba. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mwaka 2004 mvua zilikuwa zimekwisha kuwaangusha watu, na gunia lile lenye ukungu huenda ndilo lililokuwa peke yake nyumbani. Mama asiye na kitu kingine kabisa, ambaye mtoto wake anazimia kwa njaa, hatutamhukumu. Njaa nayo huua, na huua kwa hakika.

Ila tuwe waangalifu tusijidanganye. Mara nyingi mahindi mabaya hayashindani na njaa tupu. Yanashindana na mbuzi ambaye hatutaki kumuuza, na deni ambalo tunaona haya kulikopa, na aibu ya kwenda kwa chifu kusema hatuna chakula, au kwa shemeji ambaye hatusemezani naye. Hapo upendo unapimwa. Mbuzi ana bei. Ini la mwenzako tumeshaona bei yake na umbali wake.

Na mzigo huu usiwekwe juu ya mume na mke peke yao. Mwaka 2004 serikali ilipeleka chakula cha msaada katika maeneo yaliyoathirika ili watu waache mahindi yao mabaya, na huo ulikuwa wajibu wake. Huwezi kumwambia maskini "tupa" bila kumwambia "pokea". Jumuiya ndogo ndogo inayosali rozari katika nyumba ambayo mahindi yametupwa, kisha ikaondoka bila kuacha hata debe moja, haijamaliza sala yake.

Kumuuzia mwingine

Kuna jaribu lingine, tena hilo ni baya zaidi. "Sisi hatutayala, lakini sokoni yatapata mtu." Mwaka ule wa 2004 watafiti walipita katika masoko 65 na kuchukua sampuli 350 za mahindi na unga. Zaidi ya nusu, yaani asilimia 55, zilipita kipimo cha sheria. Asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Basi nyumba isiyolima haikuwa imeokoka. Ilinunua sumu ya nyumba nyingine.

Mume na mke wakikubaliana kuuza walichokataa kula, makubaliano hayo hayaitwi umoja wa ndoa. Wameungana kumdhuru jirani. Kuwapa ng'ombe nako hakusaidii, kwa maana sehemu ya sumu hupita katika maziwa na kurudi katika kikombe cha mtoto. Mahindi yenye ukungu wazi huzikwa au huchomwa, basi.

Wala asiyelima asidhani kwamba pakiti ya dukani ni kinga. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii hii.

Ikiwa mmoja amekwisha kufa

Katika zile nyumba zilizofiwa, wapo waliobaki na maneno moyoni: "Ni mimi niliyepika." Wapo walioambiwa maneno hayo na wakwe, hata kaburini. Tunapenda kuwaambia hao neno wazi. Mkono uliopika haukuua. Aliyepika alikula chungu kile kile, akawapa watoto kilichokuwepo kwa mapendo. Hakuwa na macho ya kuona kitu ambacho hata wataalamu huhitaji vyombo ili wakione. Kuwa njia ambayo mauti yalipitia si sawa na kuwa na hatia. Mzee au mkwe anayemlaumu mjane kwa jambo hilo anamwua mara ya pili mtu aliyebaki.

Na yule aliyesema "tule" na sasa anajuta? Naye asiachwe peke yake. Kama alimpuuza mwenzake kwa kiburi, aungame, na Mungu ni mwenye huruma. Kama alikosea kwa hofu ya njaa, ajue kwamba hofu hiyo nayo ilikuwa upendo, ingawa ulipotea njia.

Mnayoweza kufanya pamoja

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji makubaliano.

1. Msivune na kuweka chini. Kaushieni juu ya turubai au mkeka, msikaushie juu ya udongo. Mvua ikikaribia, kazi ya kuanua ni ya wote, si ya mama na watoto peke yao.

2. Pimeni ukavu kabla ya kuweka. Tieni chumvi kavu na punje za mahindi katika chupa kavu, tikiseni, kisha ngojeni dakika kama kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi.

3. Mkiweza, wekeni katika mifuko isiyopitisha hewa, mahindi yakiwa makavu kweli, mahali pakavu palipoinuliwa.

4. Chagueni punje kabla ya kusaga. Tupeni zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Kukoboa kwa ajili ya muthokoi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Msidhani muthokoi wa mahindi mabovu ni salama.

5. Ulizeni ofisi ya kilimo juu ya Aflasafe KE01, dawa ya shambani ambayo huotesha ukungu usio na sumu ili uuzuie ule wenye sumu. Hutiwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua.

6. Pimeni damu wote wawili juu ya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi hupita kati ya mume na mke, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa katika chanjo za kawaida mwishoni mwa mwaka 2001, kwa hiyo wengi wenu mliozaliwa kabla ya hapo hamkuipata. Mmoja akikutwa navyo, asiulizwe kwanza alivitoa wapi, maana huenda alivipata utotoni. Apelekwe kwa daktari, na mwenzake akapate chanjo.

Wapendwa, siku ya arusi mliahidiana katika afya na katika magonjwa. Wengi tunayasikia maneno hayo kana kwamba ugonjwa utakuja wenyewe kutoka mbali, nasi tutasimama kando ya kitanda tukionyesha uaminifu wetu. Lakini ahadi ile inaanza mapema zaidi, mbele ya gunia lililofunguliwa, wakati mmoja anaposema, "Haya tusile," na mwingine, ambaye ana njaa na ana hoja nzuri, anakubali kushusha chungu.

Maswali ya kuzungumza jioni, watoto wakisha kulala:

1. Mara ya mwisho nilipokuwa na shaka juu ya chakula, maji au dawa nyumbani, je, niliweza kukuambia? Ulinijibuje?

2. Mahindi yetu ya sasa tumeyaweka wapi, na ni lini tuliyatazama pamoja?

3. Kama leo ingetupasa kutupa gunia zima, tungeuza nini au tungemwendea nani? Tukubaliane sasa, kabla ya siku hiyo.

Mungu azibariki nyumba zenu.